Kiraka Kichwa Chini

Kama watu wote wanaodai walikuwamo ndani ya Ukumbi wa Regent siku ile wangekuwamo kweli, kuta zingepasuka na nusu ya Wolverhampton ingefukiwa na matofali. Nimewasikia maisha yangu yote. Wanaume wa kwetu Netherton, vipara na vitambi, kila mmoja na glasi yake ya bia nyeusi, kila mmoja akiapa kwa kaburi la mama yake kwamba bendi ya Tanuri ilipopiga pale, yeye alisimama mbele kabisa, kifua kimegusa jukwaa. Sijapata kukutana na mtu aliyesimama nyuma. Sijui huko nyuma waliweka nini, labda ng'ombe.

Mimi sikuwapo na sijawahi kujidai nilikuwapo. Nilikuwa mtoto, nimelala, na muziki wa roki sikuupenda wakati ule na siupendi sasa. Nimekua na ukuta mmoja tu kati ya kitanda changu na cha kaka yangu Roy, ambaye alipiga ngoma kwa vijiko juu ya sanduku la viatu mpaka mama akavificha vijiko. Hiyo inanitosha. Lakini nimezaliwa na watu hawa, nikaolewa kwao, nikaachana na mume kwao, na jambo moja nalijua. Kwetu mtu akikutana nawe mara ya kwanza hakuulizi unafanya kazi gani wala unasali wapi. Anakuuliza tamasha lako la kwanza lilikuwa lipi, na lipi lilikuwa bora kuliko yote. Ukijibu vizuri unanunuliwa bia. Ukijibu vibaya unachekwa mpaka uzeeni.

Halafu kuna makoti. Wanavaa makoti ya jinzi yaliyokatwa mikono, na juu yake wanashona viraka vya bendi, na ukiwasikia wanavyoyazungumzia utadhani ni mavazi ya maaskofu. Koti halifuliwi, hata mara moja, na hilo peke yake lingetosha kunifanya niwadharau. Kiraka unakishona mwenyewe kwa mkono wako, hata kama hujawahi kushika sindano. Na huruhusiwi kushona kiraka cha bendi ambayo hukuiona kwa macho yako ikiwa jukwaani. Kaseti haihesabiwi, televisheni haihesabiwi. Anayekamatwa na kiraka cha uongo anaitwa katikati ya baa ya Nanga, na kiraka kinakatwa mbele ya watu kwa mkasi unaoning'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta. Nimeona mtu mzima, baba wa watoto, akilia kwa ajili ya kitambaa kisichozidi ukubwa wa sahani.

Mwenye koti akifa, koti haliendi kwa mke wala kwa mtoto. Linakwenda kwa yule aliyesimama naye katika tamasha lake la kwanza. Asipojulikana mtu huyo, linatiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa ukutani pale Nanga, na chini yake yanawekwa maneno ya kumsifu marehemu. Maneno hayo siku hizi anayaandika Trevor Bytheway, ambaye hajawahi kumsifu mtu bila kujitaja.

Koti la Roy lilijaa viraka mpaka kwapani, lakini kikubwa, cha mgongoni, kilikuwa cha Tanuri: tanuri la kuyeyushia chuma na ndimi za moto zikipanda. Bendi ile haikurudi tena kwetu. Ilivunjika kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo mwenye kiraka chake anadai moja kwa moja kwamba alikuwa Regent. Kwenye makoti ya wengine moto unapanda juu. Kwenye la Roy ulishuka chini, kwa sababu alikishona kichwa chini. Alikivaa hivyo tangu ujana, na kila aliyemuuliza sababu alipewa tabasamu na kutumwa bia. Matokeo yake, baa nzima ilikuwa na nadharia.

Mapafu yalipomshinda, Roy aliniita hospitalini. Koti alikuwa amelitandaza miguuni, juu ya shuka safi, na niliona jinsi muuguzi alivyolisogeza kwa ncha za vidole. Sikumlaumu.

"Glenys," akasema, "koti nakuachia wewe ulitoe."

"Mimi? Nitalitia moto."

"Najua. Ndiyo maana nataka uniapie kwanza."

Nikamwambia siapi kabla sijajua ninaapia nini. Akanieleza kidogokidogo, akivuta pumzi kati ya neno na neno. Siku ile ya Regent, tamasha lake la kwanza, alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa hajala tangu asubuhi kwa furaha, njiani kwenye basi akanywa pombe ya matufaha ya mtu, na juu ya hayo alivaa koti la ngozi la baba katikati ya watu waliobanana. Tanuri walipoanza wimbo wa kwanza, alifika katikati yake. Halafu akaanguka kama nguo iliyokatika kamba.

"Niliyekuwa naye akanitupa begani," Roy akasema. "Akanibeba vibaya, mpumbavu yule. Chali! Tumbo juu, kichwa kinaning'inia mgongoni kwake. Akaanza kusukuma watu kuelekea mlangoni. Nikafumbua macho njiani, Glenys, nikaiona bendi nzima, taa zote, moto wote, imening'inia kutoka darini. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mpaka leo."

Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia. Roy naye akacheka, ikamgharimu kikohozi kirefu.

"Halafu?"

"Halafu tukakaa kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, sakafuni, kati ya ndoo na mafagio, mpaka wakamaliza. Nikiinua kichwa natapika. Yeye angeweza kurudi ndani. Hakurudi."

Kwa hiyo kiraka alikishona kama alivyoona. Hakutaka kuvaa uongo. Lakini Nanga wangejua, mkasi ungeshuka msumarini siku hiyohiyo, kwa maana kwao nusu wimbo ukiwa begani kwa mtu hauitwi kuona. Na Roy alikuwa ndiye Roy wa Regent. Watu walimnunulia bia kwa jina hilo tangu akiwa kijana. Akanyamaza, na aliyembeba akanyamaza.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Nikikutajia utalichoma kweli." Akafumba macho, lakini alikuwa anatabasamu, mshenzi yule. "Waulize kwa nini kiraka kimepinduka. Atakayejua, mpe. Wengine wote watakudanganya. Wewe humwamini mtu yeyote, ndiyo maana kazi hii nakupa wewe. Ila usiimwage siri yangu mbele yao, wasije wakanikata kiraka nikiwa maiti."

Nikaapa. Alikuwa kaka yangu na alikuwa anakufa, na mtu huwa hana akili nyakati hizo.

Tulipomaliza kumzika tukaenda Nanga, sote, na mvua yetu. Mezani kulikuwa na mikate ya jibini na vitunguu, pai baridi za nguruwe, bakuli za ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, vile vitu vya kuvunjia meno ambavyo watu wetu huviita chakula. Nililishika koti mapajani. Lilinuka bia, sigara na Roy. Nilikuwa na shabaha moja tu: kumpata mtu yule kabla baa haijafungwa, au nishindwe na kumwona kaka yangu akitundikwa ukutani juu ya maneno ya Trevor.

Trevor alikuwa ameshaleta fremu. Alikuwa ameiegemeza kwenye kaunta, na kioo ameking'arisha.

"Glenys, mpenzi," akasema. Hapa kila mwanamke ni mpenzi, hata yule anayekutoza faini. "Tusichelewe. Koti la ndugu yetu lipate heshima yake. Kila mtu anajua mimi ndiye niliyesimama naye Regent. Kwa haki ni langu. Lakini mimi si mchoyo, litundikwe hapa watu wote walione."

"Na chini yake?"

"Chini nitaandika maneno mawili matatu."

"Ya Roy au yako?"

"Ya urafiki wetu."

"Kaa chini, Trevor. Kwanza mtaniambia, mmoja mmoja, tamasha lenu la kwanza, na lililo bora. Halafu nitawauliza swali."

Walifurahi, maana walidhani nimeongoka. Hakuna kitu unachoweza kuwapa watu hawa kizuri kuliko ruhusa ya kusema jambo walilokwisha kulisema mara elfu.

Akaanza Lorraine Tranter, ambaye alikuwa mpenzi wa Roy kwa kiangazi kimoja na ameishi kama mjane wake tangu hapo, kupitia waume wawili. Alivaa nyeusi mpaka kwenye kucha. Tamasha lake la kwanza, Tanuri, Regent. Lililo bora, hilohilo. Alisimama mbele kabisa. Mwimbaji alimwangalia.

"Wewe peke yako?" nikauliza.

"Wimbo mzima, Glenys. Hakupepesa."

"Masikini, labda taa zilimpofusha. Na kiraka cha Roy kwa nini kimepinduka?"

Akashika kifua. "Alikuwa anamwomboleza mpiga ngoma wao. Roy aliniambia mwenyewe, analia."

Mpiga ngoma wa Tanuri yu hai. Anafuga njiwa, na wakati mwingine anahojiwa redioni kuhusu njiwa hao. Nikamnyooshea kidole anayefuata.

Alikuwa Ken Fellows. Ken ni mdogo wangu kwa umri. Siku ya Regent mama yake alikuwa bado anamfunga kamba za viatu. Hilo halikumzuia. Aliingia, akasema, kwa kupenya kwenye dirisha la choo, akatambaa kati ya miguu ya watu mpaka mbele kabisa, na mtu mrefu mwema akamweka mabegani.

"Mtu huyo alikuwa Roy," akaongeza haraka, akitazama koti.

"Na kiraka?"

"Hicho kila mtu anajua. Ili shetani akiwa kule chini akisome vizuri."

Watu wakapiga makofi. Ken akainama kidogo, kama aliyekabidhiwa nishani. Nilitazama zile sura zote, nyekundu kwa bia na kwa kuridhika, nikawaza jinsi watu wanavyoweza kuishi hadi kuota mvi masikioni bila hata siku moja kuona haya.

Trevor akasimama kwa zamu yake. Koti lake halifungi tena tumboni, kwa hiyo huliacha wazi na kusema ndiyo mtindo. Ana sauti ya mnadishaji ng'ombe. Akaeleza jinsi yeye na Roy walivyokwenda bega kwa bega. Jinsi jasho la mwimbaji lilivyomdondokea kwenye paji la uso, hapa, na jinsi alivyokaa bila kunawa. Jinsi walivyoimba kila wimbo mpaka wa mwisho, yeye na Roy, wamekumbatiana. Kila mwaka jasho lile linaongezeka. Nilipolisikia mara ya kwanza lilikuwa tone.

"Mpaka wa mwisho?" nikauliza.

"Mpaka taa zikawashwa. Ndilo tamasha langu la kwanza na ndilo bora, na sitaona jingine."

"Kiraka?"

"Maandamano!" akasema, akigonga kaunta. "Waliposema bendi inavunjika, mimi na Roy tulikubaliana kuvigeuza viraka vyetu kwa hasira. Mimi baadaye nikasamehe. Roy alikuwa na moyo mgumu kuliko mimi."

Mimi namkumbuka Trevor wiki ile. Namkumbuka vizuri, maana mama yake alimweleza mama yangu, wamesimama kwenye ua wa nyuma, nikiwapo. Alikuwa na matubwitubwi. Uso ulivimba kama boga, na mama yake alimfunga kitambaa cha maua kutoka kidevuni mpaka utosini, kikaishia na fundo mfano wa masikio ya sungura. Kijana huyo hakutoka kitandani siku nyingi. Lakini sikuja pale kumuumbua Trevor. Nilikuja kutafuta mtu, na baa yote ilikuwa imekwisha kujibu bila mtu yule kuonekana.

Hapo ndipo mlango ukafunguka akaingia Clive.

Clive Pardoe nilikuwa mkewe zamani. Alikuwa ameloa, amevaa tai aliyoivaa siku tulipofunga ndoa, na alikuwa amechelewa kwa sababu basi la kutoka makaburini lilichelewa, kwa sababu kila kitu cha Clive huchelewa na yeye husubiri tu. Akanunua nusu glasi, akakaa kiti cha karibu na mlango, kile ambacho hakuna anayekitaka kwa ajili ya upepo. Ni fundi wa kufuli. Katika maisha yetu yote pamoja sikupata kumsikia akisimulia jambo. Tulipoanza kuchumbiana, tukila chipsi kwenye ngazi za maktaba, nilimuuliza lile swali linaloulizwa na kila mtu. Akafikiri sana, akasema, "Sijui. Pengine sina." Mwanzoni niliita unyenyekevu. Baadaye niliita kwa jina lake, unyonge. Kila Krismasi Trevor alikuja mezani kwangu, akala bata mzinga wangu, akamtania mume wangu mbele yangu: Clive wa kanisani, Clive wa viazi, Clive aliyezaliwa bila masikio. Na Clive alitabasamu akampitishia viazi, na Roy alitazama sahani yake. Mwanamke anaweza kuishi na mlevi, na wengine huishi na majambazi. Mimi nilishindwa kuishi na mtu asiye na hata neno moja la kujitetea.

"Aaah, Clive!" Trevor akapaza sauti. "Mzee wa viazi! Umefika kwa wakati. Mkeo wa zamani hapa anakusanya kumbukumbu. Hebu tuambie tamasha lako la kwanza. Kwaya ya shule, au?"

Watu walianza kucheka kabla hajajibu. Ni desturi.

"Regent," Clive akasema.

Kicheko kikakatika.

"Regent gani?"

"Iko moja tu. Tanuri."

"Ebo! Miaka yote hii, leo ndiyo umekumbuka? Na ulisimama wapi, bwana mkubwa? Mbele?"

"Mwanzoni mbele." Clive akaizungusha glasi yake mezani. "Halafu nikaligeuzia jukwaa mgongo."

Nanga nzima ililipuka. Ken alijipiga mapaja. Lorraine alifuta machozi kwa uangalifu asiharibu wanja. Umeona wapi, Trevor akasema, mtu anakwenda kuangalia Tanuri halafu anaangalia ukuta? Ulikuwa unatafuta choo?

"Mlango," Clive akasema.

Nikakiweka chini kipande cha pai. Nilimtazama begani, bega lile la kulia, ambalo nimelilalia miaka na miaka nikiliona kuwa jembamba.

"Clive," nikasema. "Kwa nini kiraka cha Roy kimepinduka?"

Akanitazama. Halafu akatazama nyuma ya kaunta, pale mkasi uliponing'inia kwenye msumari wake. Najua alichokiona, kwa sababu nami nilikiona: Trevor anakata, uzi baada ya uzi, na watu wote hawa wanapiga makofi.

"Sijui," akasema. "Pengine alikosea kushona."

Akainuka, akaacha bia yake, akasema "Poleni" kwa watu wote kwa jumla, akatoka.

Trevor akanyoosha mkono. "Basi ndugu zangu, tumemaliza. Glenys, mpenzi, lete."

Katika baa nzima ya waongo, waliodanganya wote walidanganya ili walipate koti. Clive tu alidanganya ili alikose. Nikasimama, nikalikunja koti kwapani, nikampita Trevor na fremu yake, nikatoka mvuani.

Clive alikuwa kituoni, ng'ambo ya barabara, amekaa kwenye kile kibao cha plastiki ambacho mtu hawezi kukalia vizuri wala kulalia.

"Kwa nini umesema hujui?"

"Kwa sababu sijui."

"Ndoo na mafagio," nikasema.

Akaniangalia kama niliyempiga. Magari yalipita. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa ikiwa na maji vilevile.

"Kumbe alikuambia," akasema polepole. "Ah, Roy. Mimi nimefunga mdomo mpaka nimezeeka, kumbe yeye amekuambia."

"Hospitalini. Jina hakulitaja. Alisema angelitaja ningelichoma koti."

"Ungelichoma?"

"Ndiyo."

Akacheka. Si sana; Clive hajui kucheka sana. "Nilimbeba vibaya," akasema. "Nilikuwa mwembamba, nilimnyanyua kama gunia nisilojua mdomo wake uko wapi. Kule nyuma akawa ananisimulia. Kila nikimwambia nyamaza upumzike, ananishika shati: Clive, walikuwa wananing'inia darini, Clive, kama popo wa moto! Yeye aliwaona, mimi sikuwaona. Niliwasikia tu kupitia ukutani, wimbo baada ya wimbo, na yeye ananieleza. Ulipokuwa unaniuliza tamasha bora ni lipi, ningejibu nini? Lililo bora ndilo ambalo sikuliona."

"Ungeniambia mimi. Nilikuwa mke wako."

"Wewe hasa ndiye niliyekatazwa kumwambia."

"Roy?"

Clive akatazama barabara ambako basi halikuwa linakuja. "Wewe unadharau kila mtu, Glenys. Trevor, Ken, padri, mama yako, malkia. Roy peke yake ndiye hukuwa umemdharau. Alijua. Alinisihi jikoni kwetu siku moja, akaniambia, bwana shemeji, acha nibakie mmoja."

Nikalihamisha koti kutoka kwapa moja hadi jingine.

"Kwa hiyo ukaona afadhali nikudharau wewe."

"Mimi nilikuwa nimeshazoea," akasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayesema viatu vyake havibani tena.

"Na leo? Kwa nini leo umesema ulikuwapo?"

"Nimemzika asubuhi. Nikaona angalau niseme nilikuwapo."

Nikamtupia koti kifuani. "Chukua. Linanuka."

Akalishika kwa mikono miwili lakini hakulivaa. "Siwezi, Glenys. Kiraka hiki sikuwaona mimi. Sheria ni sheria."

Mungu wangu, mtu huyu! Hata hapo, na maiti ya mwenye koti iko ardhini, na mvua inamwingia kwenye kola.

"Kiraka ni cha Roy, mpumbavu wewe! Aliona yeye, akiwa juu yako. Wewe kazi yako ni kumbeba. Mbebe!"

Mlango wa Nanga ukafunguka, Trevor akasimama chini ya taa ya baa na fremu yake mkononi. "Glenys! Koti liko wapi?"

"Limepata mwenyewe!"

"Nani, huyo? Ametoa sababu gani?"

"Kamuulize mama yako, Trevor! Muulize na kile kitambaa cha maua alichokufungia matubwitubwi yalipokupata, wiki ileile ya Regent! Alikifunga fundo kama masikio ya sungura!"

Halafu ndani ya baa kicheko kikaanza upande mmoja kikaenda upande wa pili, na nikamsikia Ken, Ken huyohuyo, akiuliza mkasi uko wapi. Trevor akarudi ndani haraka, mgongo ameubana ukutani, akikificha kiraka.

Basi likaja. Clive akalivaa koti la Roy juu ya koti la mvua, juu ya tai ya harusi yetu. Lilimpwaya. Alionekana kichekesho, na nikamwambia hivyo, naye akasema anajua. Akanipa mkono, kama tulivyokuwa tukipeana kwa mwanasheria, halafu akageuka kupanda, na ule moto ukawa mbele ya macho yangu, ukishuka chini mgongoni kwake.

Sijui nilifanya nini. Nina nyonga mbovu na nilikuwa na nguo za mazishi. Niligeuka nikainama pale kituoni, mbele ya dereva na mbele ya madirisha ya Nanga, nikapitisha kichwa kati ya magoti mpaka kofia ikaanguka, nikamtazama Clive kichwa chini. Moto ulipanda juu sawasawa. Na Clive Pardoe, na basi lake, na barabara, na Netherton nzima vilikuwa vimening'inia kutoka mbinguni. Nikalia nikiwa nimeinama hivyohivyo, na machozi, badala ya kunishukia mashavuni, yakanipandia kwenye paji la uso.